Mama anaenda Uingereza kuona mjukuu? Kwanza tuongee bili ya hospitali

Hapa Malindi mtu akitaka kwenda Italia hakuna haja ya kumwambia akate bima, manake ubalozi wenyewe ndio utamdai, viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, haitoki bila bima ya safari ya angalau yuro 30,000, kwa hivyo hata bibi wa Shela aliyealikwa Milano na mkwewe mzungu anapanda ndege na karatasi yake ya bima kwenye mkoba hata kama hajui imeandikwa nini. Shida iko kwa hawa wanaoenda Uingereza. Viza ya matembezi ya kule haidai bima, na sisi kitu tusichodaiwa hatununui, pesa yote inaishia kwa tikiti na achari na halua na leso za mwanamke aliyejifungua.

Mimi kazi yangu ni kujazia watu fomu za viza mtandaoni, nafanya hapa hapa mjini, na nikimuuliza mtu habari ya bima jibu ni lile lile: si kule hospitali ni bure?

Ni bure kweli, lakini kwa wenyewe. Ile NHS yao, yaani huduma ya afya ya serikali, ilianza tarehe 5 Julai 1948 na inaendeshwa kwa kodi, haina kadi ya uanachama kama tulivyozoea sisi Kenya na bima ya afya ya serikali, zamani NHIF na sasa SHA. Wanachoangalia ni kitu kimoja tu, wewe makao yako ni wapi. Kama unaishi pale kihalali, na maisha yako yako pale, unatibiwa. Kama umekuja kutembea miezi mitatu wewe ni mgeni, na mgeni kulipishwa si jambo la juzi, sheria ya kuruhusu hilo ilipitishwa 1949, mwaka mmoja tu baada ya kuanza, ingawa walikaa nayo mpaka 1982 ndio wakaanza kulipisha. Sa hii kwa England mgeni kutoka nchi kama yetu, ambayo haina makubaliano ya matibabu na wao, analipishwa asilimia 150 ya gharama. Yaani matibabu yakiwa ya pauni 1,000 wewe unaandikiwa 1,500. Na tangu Oktoba 2017 kama ugonjwa unaweza kungoja mpaka urudi kwenu, unalipa kwanza ndio unatibiwa.

Hapa watu wanabishana na mimi sana. Ati mwanangu analipa kodi kule miaka kumi. Sawa, hiyo kodi inamsaidia yeye na mkewe na watoto wake wanaoishi pale, haifiki kwa mamake aliyeshuka Heathrow jumanne. Mwengine anasema yeye amelipa ile ada ya afya ya viza, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Hiyo pia ni ya mwenye viza ndefu, mgeni wa miezi sita haiilipi kwa hivyo haimkingi.

Na kuna hawa wazee wetu wenye pasipoti ya Kiingereza, waliofanya kazi kule ujanani wakarudi kujenga nyumba Malindi, wao ndio wabishi zaidi. Pasipoti haiangaliwi! Mzee akihamia huku akakaa, kisha akaenda kule wiki sita kutibiwa moyo, anahesabiwa mgeni kama mimi, hata kama alikatwa kodi maisha yake yote. Akirudi kuishi moja kwa moja hapo ni sawa, anatibiwa tangu siku ya kufika, lakini ataulizwa aonyeshe kweli amehamia. Waitaliano wetu wa hapa wanalijua jambo hili, akijiandikisha rasmi kuwa anaishi nje anapoteza daktari wake wa familia kule kwao.

Sasa niwape ya nyumbani kwetu. Khaleti yangu, dada wa mamangu, alikwenda Uingereza kwa mwanawe, binti amejifungua, mambo mazuri, baridi ndio mbaya. Ni mtu wa sukari na presha. Dawa alibeba za mwezi na kitu manake alijua atanunua mbele ya safari, kama hapa unavyoingia duka la dawa ukaonyesha pakiti tupu ukapewa nyengine. Kule hakuna hiyo bila cheti cha daktari. Zikaisha, akanyamaza asimsumbue mwanawe mwenye mtoto mchanga, na wazazi wetu hawa kwa kunyamaza hawajambo. Mpaka siku akaamka maneno hayaeleweki, ambulensi ikaja, wakapelekwa emajensi na nitasema ukweli walihudumiwa vizuri sana, hapana mtu aliyeuliza pesa mlangoni. Usiku akalazwa wodini.

Siku ya pili akaja bwana mmoja na faili, ametia kitambulisho shingoni, mpole, anauliza umekuja lini, unarudi lini, nyumba yako iko wapi, nani anakulisha. Khaleti akadhani ni daktari mkubwa, akaanza kumuonyesha goti. "Na hili pia mwanangu, usiku silali." Mwanawe ndiye aliyeshtuka manake aliona fomu. Yule ni mtu wa kitengo cha wageni, hospitali nyingi za kule wanaye, kazi yake ni kujua nani alipe. Bili ilikuja kwa posta, pauni elfu kadhaa, na familia nzima kuanzia Malindi mpaka Jeddah ikachangishana miezi mingi.

Kwa hivyo nikikujazia fomu sa hii haya ndio ninayokwambia, na usiponisikiliza ni wewe.

Dawa beba za muda wote wa safari na wiki mbili juu, kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, na barua ya daktari iliyo na jina la dawa yenyewe sio jina la kampuni, manake hilo la kampuni kule huenda hawalijui. Punguza achari ikiwa ni uzito.

Ukifika tu, wiki ya kwanza, mwanao akupeleke ukajiandikishe kwa GP, yule daktari wa mtaa. Hii wengi hawaamini. Kumuona GP ni bure hata kwa mgeni, na kwa sheria ya England huhitaji kuonyesha kitambulisho wala karatasi ya uhamiaji ndio uandikishwe, ingawa mapokezi wengine watakukazania, msikasirike, waulize kwa adabu wawaandikie sababu ya kuwakataa. GP ndiye angemuandikia khaleti dawa zake, kila dawa haizidi pauni 9.90, na mambo yangeishia hapo. Lakini GP akikutuma hospitali kubwa kwa mtaalamu, ile bure imekwisha.

Emajensi ni bure mpaka dakika unayolazwa au kupewa apointimenti ya kliniki. Magonjwa ya kuambukiza kama TB, HIV na malaria yanatibiwa bure kwa kila mtu. Sisi watu wa pwani malaria tunaweza kusafiri nayo bila kujua, homa ikikushika kule sema umetoka Kenya, mwambie daktari mapema, asije akakupa vidonge vya mafua. Mja mzito hafukuzwi kwa kukosa pesa, anazalishwa, lakini bili atapata, na bili ya kuzaa ikiwa na upasuaji si ya mchezo, kwa hivyo wale wa "nikajifungulie kule" fikirieni tena.

Na mkalimani ombeni, hospitali ndio inayomlipa. Sio mpaka binti aliyetoka kujifungua juzi ndio asimame kutafsiri habari za mkojo wa mamake.

Bima sasa. Nunua kabla ya kuondoka na useme ukweli wa sukari, presha, na ile operesheni ya mwaka jana. Bei itapanda, na kwa mzee wa miaka 70 na kitu itapanda sana, lakini ukificha, siku sukari ikikulaza kampuni itavuta rekodi zako na kukwambia pole. Uliza mambo mawili bila kuona haya: ugonjwa ulio nao tayari umo? Na kurudisha maiti imo? Najua hatupendi kuyasema haya mtu akiwa anafunga sanduku, lakini kama ni kuzikwa Malindi pesa yake inatoka wapi. Ile namba ya simu ya bima iwe kwa simu ya mwanao, ya mama itakuwa imezimwa chini ya mto.

Kulipisha mgeni mimi sioni kosa. Sisi tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa SHA na asiye na ajira si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na sheria yetu ya 2023 inataka mgeni wa chini ya miezi 12 awe na bima yake ya safari. Zanzibar wao wamemaliza maneno, tangu Oktoba 2024 mtalii anauziwa bima ya dola 44 ndio aingie. Kinachonichoma ni ile nusu ya juu. Serikali yetu na yao zilitiliana saini 2021 manesi wetu waende wakafanye kazi kule, na nesi wa Malindi anayeamka saa kumi usiku kwenda kwenye wodi zao, mamake akiangukia wodi hiyo hiyo anatozwa moja na nusu. Hapo mimi naona ni tamaa, hata mkinipa hesabu gani.

Bili ikishakuja msiikimbie. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila kulipwa jina linapelekwa uhamiaji na viza inayokuja inaweza kukataliwa kwa hilo. Mpige simu, muombe kulipa kidogo kidogo, mkikubaliana na mkawa mnalipa hawalipeleki. Na kabla ya kukubaliana ombeni mchanganuo, kitu kwa kitu na tarehe yake. Yale masaa ya emajensi kabla ya kulazwa hayafai kuwemo, mkiyakuta pigeni mstari chini yake, muandike barua.