Anzeni na macho ya kikaragosi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki liliuliza kwa nini filamu fupi ya vikaragosi, yaani wanasesere wanaosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, isiyo na damu wala mzimu, humfanya mtu mzima ageuze uso pembeni, na kama kuna cha kuelewa humo au ni vituko vitupu. Wasomaji wengi watakimbilia nusu ya pili na kuanza kufumbua: treni ni maisha, nondo, yule mdudu kama kipepeo, ni roho. Nashika nusu ya kwanza. Mtazamaji hushtuka kabla hajaanza kufasiri, na kilichomshtua mara nyingi kinaonyesheka kwa kidole kwenye fremu, yaani picha moja kati ya zinazounda filamu.

Chukueni Madame Tutli-Putli ya Chris Lavis na Maciek Szczerbowski, iliyotengenezwa Kanada mwaka 2007. Ni ya dakika 17 na hakuna anayetamka neno. Mwanamke anasafiri kwa treni ya usiku na lundo la mizigo yake. Gesi inajaa behewani, wezi wanaingia, abiria mmoja anaibiwa figo. Mwisho mwanamke yule anamfuata nondo kuelekea kwenye mwanga. Amekufa? Ameota? Amejinasua? Watu kumi watakupa majibu kumi. Ila wote kumi watakutajia macho.

Macho yale ni ya binadamu. Vikaragosi vilipigwa picha kwanza, fremu moja moja. Baadaye Jason Walker aliwarekodi waigizaji wakifuatisha mwendo wa vichwa vya vikaragosi, halafu akayapandikiza macho yao kwenye nyuso zile kwa kompyuta. Unapata uso wa kutengenezwa ambao shavu lake halitikisiki, na ndani yake jicho lenye majimaji linalohangaika huku na huku. Jicho linasema huyu ni mtu, shavu linasema huyu ni mwanasesere. Mtazamaji hapati pa kutua.

Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani, aliliandika jambo hili mwaka 1970. Kitu kikizidi kufanana na mtu tunazidi kukipenda, mpaka kikaribie sana bila kufika. Hapo mapenzi yanaporomoka shimoni, na kitu hicho kikitembea shimo linazidi kina. Mori aliwataja pia vikaragosi vya bunraku, vya jukwaani kwao, kwamba huvitazami kwa karaha kwa sababu umeketi mbali na huoni ngozi wala ukucha. Filamu hufanya kinyume: inasogeza lenzi hadi kwenye kope. Linganisheni na The XYZ Show, kipindi cha runinga cha Kenya kilichowakejeli wanasiasa kwa vikaragosi. Wanasiasa wa mpira wale wana mapua na midomo ya kutisha, lakini mtu hucheka tu, kwa kuwa sura zimetiwa chumvi makusudi na hakuna anayedhani ni watu.

Kwetu kuna jambo la ziada. Chochote kisicho na waigizaji wa nyama na damu tunakiita katuni, na katuni ni ya watoto. Mtu anaketi akisubiri sungura, analetewa mwizi wa figo. Nusu ya hasira yake ni ya ahadi iliyovunjwa kabla filamu haijaanza.

Sasa kwa wanaotengeneza, maana najua wapo wanaosoma safu hii. Filamu huenda fremu 24 kwa sekunde. Kwa kawaida kila mkao hupigwa mara mbili, kwa hiyo sekunde moja ni mikao 12 na dakika ni 720. Kila picha ni kali, kwa kuwa kikaragosi kilikuwa kimetulia kilipopigwa. Mkono wa mtu ukipita haraka mbele ya kamera huacha ukungu, wa kikaragosi hauachi. Mtazamaji hawezi kulieleza hilo, atasema tu "inatembea kama ndotoni". Ukitaka aseme hivyo, acha. Hutaki? Piga mkono wa kasi fremu moja kwa kila mkao badala ya mbili, na upunguze hatua kati ya mkao na mkao.

Jicho la bei nafuu ni shanga nyeupe ya milimita 6 hadi 8 iliyotobolewa katikati: tundu ndiyo mboni, na humo unachomeka pini ili kuligeuza bila kugusa uso. Mambo matatu huliua. La kwanza, halina nukta ya mwanga. Weka taa ndogo karibu na kamera, au paka vanishi ya kung'aa. La pili, linakaa palepale sekunde mbili nzima. Jicho la mtu haliwezi, kwa hiyo lisogeze kidogo kila baada ya fremu 15 au 20, bila mpangilio. La tatu, kichwa na jicho vinageuka pamoja. Jicho litangulie fremu 2 hadi 4, kichwa kifuate. Kupepesa ni mikao mitatu ya kope za plastisini (udongo laini wa kufinyanga), yaani nusu, kufumba, nusu, ambayo ni robo sekunde. Ukichelewesha kufumba hadi nusu sekunde, kikaragosi kitaonekana kimelewa dawa, na pengine ndicho unachotaka.

Halafu kuna nguo. Kila ukimshika kikaragosi kumsogeza, kidole kinaacha mkunjo mpya, na filamu ikienda shati linachemka kama uji. Manyoya ya King Kong ya mwaka 1933 yanatambaa hivyo hivyo kwa sababu ya vidole vya mtengenezaji, na wapo walioyaona wakadhani nyani amekasirika. Dawa ni kupitisha waya mwembamba kwenye pindo, kupaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji upande wa ndani, na kumshika kikaragosi mahali pamoja tu, kwa mfano mgongoni pasipoonekana. Miguu nayo ifungwe kwa skrubu kutoka chini ya meza. Mguu ukiteleza hata milimita mbili, uzito wote unapotea, na tukio la huzuni linageuka kichekesho.

Kumetameta kwa mwanga ndiko kunakowakera watazamaji bila wao kujua. Wanasema macho yanauma, filamu ni ndefu. Sababu ni za kawaida kabisa: pazia limeachwa wazi na jua linasogea, umeme unapanda na kushuka, simu inajirekebishia mwanga yenyewe, au fundi amevaa shati jeupe linalorudisha mwanga mezani kila anapohama. Ziba madirisha, funga mipangilio ya mwanga, fokasi na rangi kwenye kamera ili isijibadilishe, tumia taa za betri iliyojaa, vaa nyeusi. Ukiwa na kamera kubwa, acha shata, kifuniko cha ndani kinachoruhusu mwanga kuingia, wazi nusu sekunde ili mitikisiko midogo ya taa ijisawazishe. Lenzi za kisasa zina ugonjwa wao pia: kitundu cha mwanga hakijifungi sawasawa kila picha, na lenzi ya zamani ya kuzungushwa kwa mkono hukuondolea adha hiyo.

Ukishamaliza, usiwaulize watazamaji wameelewa nini. Watajiona wako darasani na kukupa jibu la kukuridhisha. Waketishe watano au sita, wewe kaa pembeni ukiwatazama wao badala ya skrini, na andika dakika na sekunde kila mmoja anapoegemea nyuma, anapocheka, anapomtazama jirani. Rudia bila sauti na kundi jingine. Mishtuko ikihama, kilichokuwa kinashtua ni sauti, mathalani mkwaruzo wa ngozi au mlio wa behewa. Ikibaki palepale, rudi kwenye sekunde ile, isimamishe, uitazame fremu kwa fremu. Anza na macho, kisha miguu. Ukikuta kope moja imebaki wazi fremu mbili zaidi ya mwenzake, usiikate upesi. Waonyeshe tena kwanza.