Kwa mnaoanza utangazaji wa michezo Mbeya: namna ya kuandaa historia ya gofu ya wawili wawili

Wadogo zangu mnaoingia dawati la michezo, hapa Mbeya kazi ya kila siku ni timu za soka, Prisons na Mbeya City, na uwanja wa Sokoine. Lakini ipo siku mhariri atakwambia uandae dakika tano za historia ya gofu, na wengi hukimbilia orodha ya mabingwa. Msianze na mabingwa. Anzeni na jinsi matokeo yalivyohesabiwa, kwa sababu mashindano ya wawili wawili yamebadili hesabu zaidi ya mara moja, na asiyelijua hilo hulinganisha ya mwaka huu na ya zamani kana kwamba ni mchezo uleule.

Chukueni Kombe la Dunia la gofu. Lilianzishwa na mfanyabiashara wa Marekani, John Jay Hopkins, likachezwa mara ya kwanza Montreal mwaka 1953 kwa jina la Kombe la Kanada: kila nchi inaleta wachezaji wawili wa kulipwa. Mwaka huo yalichezwa mashimo 36 tu, na Roberto De Vicenzo na Antonio Cerdá wa Argentina wakalitwaa. Mwaka uliofuata mashimo yakawa 72. Jina la Kombe la Dunia lilikuja 1967. Kwa miongo mingi kila mmoja alicheza mpira wake, kisha mikwaju, yaani mapigo, ya wote wawili ikajumlishwa, na timu yenye michache ndiyo iliyoshinda. Mwaka 2000 ikaingia mitindo miwili inayopishana siku kwa siku: leo kila mtu na mpira wake, ila kwa kila shimo inachukuliwa alama ya aliyefanya vizuri zaidi, kesho wawili wanatumia mpira mmoja na kupiga kwa zamu.

Hewani, kutaja majina ya mitindo hakutoshi. Mpe msikilizaji shimo moja. Ni shimo linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne; mmoja kamaliza kwa minne, mwenzake mpira umemzamia majanini, kamaliza kwa saba. Kwa hesabu ya zamani timu inaandikiwa 11. Kwa alama bora inaandikiwa 4, na zile saba hazimdhuru mtu. Kwa mpira mmoja, huo uliozama majanini ni wa wote wawili, na mwenzako ndiye anayeingia kuutoa huko ulikoupeleka wewe. Mtu wa Uyole ambaye hajawahi kushika fimbo ya gofu ataelewa hapohapo. Na mtu wa Mufindi, ambako kuna kiwanja katikati ya mashamba ya chai, atajua kwamba anayeongea amefanya kazi yake. Huyo msimsahau kamwe, maana penye kiwanja kuna makedi, wale wanaowabebea wachezaji fimbo, na wanaujua mchezo huu kuliko watangazaji wengi.

Jambo jingine: tafuteni mahali historia inapokutana na nchi yetu ya milima. Mimi napenda sana mwaka 1958. Kombe lilichezwa Jiji la Mexico, mita kama 2,240 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mjini tuko kwenye 1,700 hivi. Hewa ikiwa nyepesi, pigo lilelile hupeleka mpira mbali zaidi, kwa hiyo mchezaji inabidi apime upya umbali wa kila fimbo, na pumzi nayo inakata mapema. Harry Bradshaw wa Ireland alikuwa akitokwa damu puani kwa sababu ya mwinuko ule, na bado yeye na Christy O'Connor wakashinda. Sisi tuliozoea kuona timu za Pwani zikihema Sokoine kipindi cha pili hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Orodha ya mabingwa pia inaficha mengi. Inasema "1957, Japani", basi. Haisemi kwamba Torakichi Nakamura na Koichi Ono walishinda nyumbani, Kasumigaseki, mbele ya Sam Snead na Jimmy Demaret wa Marekani, na kwamba ushindi ule uliwasha hamu ya gofu Japani nzima. Zimbabwe haimo kabisa katika orodha, wakati ilishika nafasi ya pili 1993 na 1994, nyuma ya Fred Couples na Davis Love III waliobeba kombe miaka minne mfululizo. Afrika Kusini imo, kuanzia Gary Player na Harold Henning, Madrid, 1965.

Mwisho, angalieni nyakati za vitenzi. Msiliongelee Kombe la Dunia kana kwamba bado linachezwa: mara ya mwisho lilichezwa Melbourne Novemba 2018, Thomas Pieters na Thomas Detry wa Ubelgiji wakashinda, na la 2020 likafutwa kwa sababu ya korona. Kwa hiyo ukiona wawili wawili kwenye runinga mwezi Aprili, hayo ni mashindano ya New Orleans, Zurich Classic, yaliyoanza mtindo huo 2017. Pale watu hawawakilishi nchi. Kila mtu huchagua mwenzake. Rory McIlroy na Shane Lowry walioshinda 2024 walikuwa marafiki wa siku nyingi. Kwenye kadi yako ya kusoma hewani, andika jina la mashindano juu kabisa kabla hujaandika jina la mchezaji yeyote.