Nimemlea mjukuu miaka sita, sasa mama yake amerudi

SWALI: Mwanangu, habari za kazi. Nina miaka 63, niko Muheza, nauza machungwa barabarani. Mwanangu wa kiume alifariki kwa ajali ya bodaboda akaacha mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mkwe wangu akaniachia mtoto, akaenda Omani kufanya kazi za ndani. Sasa amerudi, ameolewa Dodoma, anamtaka mwanawe. Mtoto yuko darasa la pili na anasema hataki kwenda. Simu za mama yake nimeacha kupokea, maana akizungumza naye halali usiku. Majirani wanasema akishatimiza miaka saba ni wa ukoo wa baba. Je, mahakama itanipa?
Bibi, Muheza

JIBU: Shikamoo mama. Pole kwa kufiwa na mwanao. Barua yako nimeisoma mara mbili, na zote mbili nimekwama kwenye hizo simu. Nitazifikia.

Hilo la miaka saba majirani wamelipindua. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, ingawa hata hapo mahakama yaweza kuamua vingine. Haisemi kwamba akitimiza saba anahamia kwa kina baba. Mila hakimu huzisikiliza, ila ustawi wa mtoto ndio unaotangulia.

Wewe una hoja nzito kuliko hiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu ndugu anayemlea mtoto kuomba akae naye kwa amri ya mahakama. Hakimu atatazama umri wake, maoni yake, na umuhimu wa kutoyakatakata malezi yake. Miaka sita mikononi mwa mtu mmoja si kitu kidogo. Lakini sheria hiyohiyo inasema ni bora mtoto awe na mzazi wake, isipokuwa mzazi awe anazivunja haki zake mara kwa mara. Kwenda Omani kutafuta riziki si kumtelekeza mtoto. Kama alikuwa anatuma hela (barua yako haisemi), liseme wewe mwenyewe mbele ya hakimu.

Nimekuwa afisa ustawi wa jamii miaka mingi, na nyumba kama yako nimeingia nyingi. Hakimu akimwagiza afisa aje, hatakuja kuhesabu mabati. Ataangalia mtoto analala wapi, daftari zake, kadi ya kliniki, na nani hufika mwalimu akiita mzazi. Kisha atakaa na mtoto peke yake. Mtoto aliyefundishwa maneno hujulikana. Wa miaka minane aliwahi kuniambia, "Mama alikiuka wajibu wake," macho yake yakiwa mlangoni kumtafuta bibi. Njia nzima nilikuwa nalia. Sheria inataka maoni aliyoyatoa mwenyewe.

Msipoelewana, anza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, ndipo Mahakama ya Watoto, ambako shauri husikilizwa faraghani. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha kifo cha mwanao na ripoti za shule. Kama huna wakili, uliza hapohapo kuhusu msaada wa kisheria wa bure. Na mama akipewa mtoto, bado una haki ya kuomba amri ya kumwona, likizo aje Muheza. Nakusihi usimfiche kwa ndugu, hata kwa siku mbili.

Sasa simu. Mtoto anayekosa usingizi baada ya kusikia sauti ya mama yake anamkumbuka, mama. Ukimkatia hiyo sauti utamtuliza usiku mmoja, halafu atajifunza kuficha kwako anachokiwaza. Na huyo binti ana orodha ya simu ambazo hazikupokelewa. Mahakamani ataionyesha, nayo itafunika miaka sita ya uji na sare ulizonunua kwa hela ya machungwa. Mpigie leo jioni mtoto akishakula. Mpe simu, nawe utoke nje kidogo.