Sahani za jazi za bei kali: unalipia nini hasa?

SWALI: Assalam alaykum mzee. Mie kijana wa Wete, jazi naipenda toka nilipokuwa naiskiza kwenye simu tu. Shemegi yangu yuko Maskati anakuja mwezi ujao, kaniambia nichague kitu kimoja aniletee, mie nataka albamu ya Kind of Blue ya Miles Davis lakini nimechanganyikiwa, kuna sahani ya gramu 180, kuna ile ya sahani mbili za spidi ya 45 (mizunguko 45 kwa dakika), kuna na SACD, ile CD ya hali ya juu, na bei zake zinatisha. Nyumbani nina mashine ya sahani ile ya sanduku yenye spika zake humo humo ndani, na deki ya DVD. Nichukue ipi?

JAWABU: Waalaykum salaam mwanangu. Gramu 180 ni uzito wa plastiki tu. Sahani nzito haipindi upesi, na kwa joto letu hili si jambo dogo, lakini sauti haimo kwenye mizani, imo kwenye tepu iliyotumika na mkono wa fundi aliyechonga ile mifereji ya sauti.

Na kwa hiyo uliyoitaja ndo kuna kisa hasa. Ilirekodiwa New York 1959, siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili. Siku ile ya Machi mashine kubwa ya tepu ilikuwa inazunguka polepole kidogo na hakuna aliyejua, sasa tepu ilipokuja kupigwa kwenye mashine iliyo sawa muziki ukawa unakimbia na sauti zimepanda, nyimbo zote tatu za upande wa kwanza. Watu wakanunua hivo hivo zaidi ya miaka 30! Nna rafiki yangu wa fidla, mtu wa taarab, kila akijaribu kufuatisha nyimbo ya kwanza kwenye kopi yangu ya zamani haimwingii, anakaza uzi, analegeza, mwisho akaiweka fidla chini akanambia hawa jamaa zako hawajui kutia sauti. Kumbe sikio lake lilikuwa sawa. Ilikuja kurekebishwa 1992, wakatumia tepu ya akiba iliyorekodiwa siku ile ile kwenye mashine nyengine. Kwa hivyo kopi ya bei kubwa yenye spidi mbovu inapitwa na CD ya kawaida yenye spidi sawa, mie sina shaka na hilo.

Spidi ya 45 ina maana yake. Mfereji unapita haraka chini ya sindano, mawimbi yanakuwa yamenyooshwa, sindano inayasoma vizuri hasa kule karibu na kati ambako sahani ya kawaida, ya spidi ya 33, huanza kukwaruza. Ila albamu moja inakuwa sahani mbili, unainuka kugeuza kila baada ya dakika kumi hivi, chai yenyewe hujaimaliza. SACD ilitoka 1999, ya Sony na Philips, na nyingi zina tabaka mbili, moja ya SACD yenyewe na moja ya CD. Deki yako ya DVD ikiwa haina alama ya SACD itasoma ile ya CD tu, utakuwa umelipia chumba usicholala.

Halafu hiyo mashine ya sanduku, usinichukie, ila nyingi za aina hiyo sindano yake inakandamiza gramu 5 na zaidi, wakati mashine nzuri inakaa kwenye 2 hivi. Ukiweka sahani ya dola 60 pale unailimisha. Mwambie shemegi alete CD ya toleo la 1997, utaijua kwa nyuma, wimbo wa Flamenco Sketches umeandikwa mara mbili, na pesa iliyobaki weka ununue mashine ya sahani ya maana. Ukishaipata tafuta sahani za kampuni ya jazi ya Blue Note, zile za mfululizo wa Tone Poet, zilianza 2019, anachonga fundi Kevin Gray kutoka tepu za asili. Zikikushinda bei kuna Classic Vinyl za kampuni hiyo hiyo, nyingi fundi ni huyo huyo, unachopunguziwa zaidi ni jalada lile nene.

SWALI: Eti ile sahani iloandikwa analogi tupu, yaani imetoka kwenye tepu bila kupitia dijitali (kompyuta), unaisikia tofauti kweli au tunapigwa? Msomaji, Chake Chake.

JAWABU: 2022 kampuni moja ya Marekani iliyokuwa ikisifiwa kwa hilo ilibainika kuwa kati ya tepu na sahani inapitisha dijitali, watu wakaenda hadi mahakamani. Na wale waliokuwa wakiapa kwamba dijitali wanaijua kwa kuiskia mara moja, miaka yote ile hawakuiskia. Mie najitia humo humo.

SWALI: Mama kaniachia kasha la sahani, nyingi za taarab na chache za jazi, zimeshika ukungu toka masika. Jirani ananambia nifute kwa spiriti, sawa? Dada wa Jang'ombe.

JAWABU: Ngoja kwanza dada yangu! Zile nzito zinazovunjika kama kigae, za spidi ya 78, ni za gundi ya shelaki, spiriti inaiyayusha na nyimbo inaondoka na kitambaa. Hizo ni maji ya betri, yale safi ya kujazia, si ya asidi, na tone la sabuni ya maji, kwa kitambaa laini kufuata mzunguko, usiroweshe karatasi ya kati. Zile laini zinazopindika ndo zinastahamili spiriti kidogo ndani ya maji. Zikaushe kivulini, zisimamishe wima, na usizirudishe kwenye zile karatasi zake za zamani kwani ukungu wenyewe umo humo.