Mzuzu ukiupika kama ndizi Bukoba hautalainika

Mkuu, unasema umechemsha mzuzu mbichi na nyama karibu saa nzima, zimebaki ngumu na zimesawijika, sasa unajiuliza kama muuzaji kakupiga. Hajakupiga. Ndizi ni nzima, ila umeipikia mapishi ya ndizi Bukoba.

Somo hilo mimi nimelilipia kwa aibu. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilitaka kumpikia mama mkwe mtori, ile supu nzito ya ndizi zilizopondwa na nyama. Yeye ni wa Machame, Kilimanjaro, mimi ni wa Tanga. Nikaenda zangu soko la Mabibo, nikachagua mzuzu kubwa kubwa, eti ndizi nzuri ni iliyonona. Nikachemsha, nikaponda kwa mwiko, nikaponda tena, wapi! Supu huku, mabonge kule. Mama wa watu akanywa bakuli zima kimya, akafuta mdomo: "Mwanangu, siku nyingine tafuta mshale."

Ndizi mshale na ndizi Bukoba zikiiva zinalegea zenyewe. Mzuzu na mkono wa tembo zina wanga mkavu, zinaiva huku zimeshikana, hivyo ukingoja zirojeke unamaliza gesi bure. Nyama iive kwanza, ndizi ziingie baadaye. Baada ya dakika 20 hivi chomeka kisu. Kikifika katikati bila kukwama, epua.

Weusi unatokana na hewa. Kata ncha zote mbili, pasua ganda kwenye mbavu zake, bandua, na kila ndizi itumbukie hapohapo kwenye maji yenye chumvi au ndimu. Mikono na kisu vipake mafuta kabla, la sivyo utomvu utakuganda hadi kesho. Na usivae nguo unayoipenda, doa lake halitoki.

Lakini nikuambie ukweli, mzuzu utamu wake ni zikiiva, tena kwa nazi. Kwetu Ramadhani haipiti bila chungu chake. Subiri ganda liwe njano lenye madoa meusi, ndizi ukiibonyeza inabonyea kidogo. Menya, kata vipande viwili, kisha vipasue kwa urefu na uondoe ule uzi wa katikati. Wengine wanauacha, mimi naona unakaza mdomo. Zipange sufuriani, mimina tui jepesi, sukari kidogo (onja ndizi kwanza, mara nyingi inajitosheleza), chumvi chembe na hiliki ulizozitwanga wewe mwenyewe. Moto wa wastani. Tui likipungua na ndizi zikianza kung'aa, mimina tui zito, punguza moto, na hapo weka mwiko mbali. Shika sufuria kwa masikio yake uitikise. Ukikoroga ndizi zinavunjika, na moto ukiwa mkali tui linakatika. Likianza kutokota pembeni na kushikana na ndizi, zima.

Za kukaanga hazina maneno mengi: mbivu, kata mshazari, mafuta yasiwe ya moto sana, maana sukari yake inaungua nje kabla ndani hapajaiva.

Hizo mbichi zilizobaki zifungie kwenye gazeti uziweke kabatini. Kwenye friji usizipeleke, ganda litakuwa jeusi na ndani hazitaiva vizuri. Zikishageuka njano, nunua nazi mbili.