Kuwafundisha wanafunzi Utao: anza na chungu, maana ya neno itakuja yenyewe

Mkuu mleta uzi, umeuliza uanzie wapi kuwaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza habari za Utao, ile falsafa na dini ya kale ya China, na unavyoingia kwenye maisha ya kila siku, na umesema wameshakwambia hiyo ni "dini ya masanamu" hata hujaanza kufundisha. Hilo somo nimelifundisha miaka minne, na kabla ya hapo nilisoma China, mji wa Chengdu, miaka miwili, kwahiyo nakupa nilichokiona mwenyewe.

Mwaka wa kwanza nilianza na maana za maneno. Tao ni njia, wu wei ni kutotenda, yin na yang ni nguvu mbili, wakanakili vizuri kabisa, alafu mtihani ulipofika nusu ya darasa wakaandika kwamba Watao wanaamini mtu akae tu mambo yatajipa. Iliniuma, maana wao waliandika nilichowapa. Wu wei ukilitafsiri kwa neno moja umeshaliua.

Siku hizi naingia darasani na chungu. Nakiweka mezani nauliza, mnapopika mnatumia nini cha hiki chungu? Wanasema udongo. Haya tieni mchele kwenye udongo. Wananyamaza kidogo, alafu anatokea mmoja anasema mwalimu kumbe tunatumia uwazi wa ndani. Hapo ndo nafungua Daodejing, kile kitabu cha sura 81 fupi fupi kinachohesabiwa kuwa cha Laozi, mwenye hekima wa kale wa China, nawasomea sura ya 11: spoku 30 zinakutana kwenye kitovu kimoja lakini gurudumu linazunguka kwa sababu ya tundu la katikati, chungu kinafaa kwa sababu kiko wazi, chumba kinakalika kwa sababu kimetobolewa mlango na dirisha. Wakishalishika hilo wameingia ndani ya Utao bila kukariri kitu.

Baada ya hapo sura ya 60, na hii kwetu huku haihitaji maelezo mengi. Inasema kuongoza nchi kubwa ni kama kukaanga samaki wadogo. Yeyote aliyewahi kukaanga dagaa wabichi anajua ukiwageuzageuza kila dakika unaishia na makombo. Ila umewaosha, umepima moto, umesimama hapo unaangalia. Hakuna aliyekaa tu, na hiyo ndo wu wei: kutenda bila kulazimisha.

Na ili uvivu usirudi kabisa, kipindi kinachofuata nawapa kisa cha mpishi Ding kwenye Zhuangzi, kitabu kingine cha kale cha Utao. Huyu alikuwa anapasua ng'ombe kwa kisu kimoja miaka 19, maelfu ya ng'ombe, na makali bado kama yametoka kunolewa, wakati mpishi mzuri anabadilisha kisu kila mwaka na wa kawaida kila mwezi. Yeye hakati mfupa, anapitisha kisu kwenye nafasi zilizopo kati ya maungio. Lakini usiruke sehemu hii mkuu, anasema akifika penye maungio magumu anapunguza mwendo, anatuliza macho, kisu anakisogeza kidogo kidogo. Na ilimchukua miaka kufika hapo. Kwangu mimi hicho kisa kinaeleza wu wei kuliko maelezo yoyote niliyowahi kuandika ubaoni.

Alafu wape kazi ya wiki moja: kila mtu achague jambo moja analolilazimisha, aangalie njia lenyewe linataka kwenda. Mwaka juzi binti mmoja ambaye kwao wanauza chapati alisema amekuwa anafanya wu wei toka mdogo, maana ukishakanda na kukata madonge ukisukuma papo hapo unga unarudi, unakuchosha mikono, ila ukiyafunika nusu saa unasukumika wenyewe. Darasa zima likaelewa. Ule mfano naubeba mpaka leo.

Yin na yang nenda nayo taratibu, wataigeuza kuwa shetani na malaika. Waambie asili ya maneno hayo ni upande wa mlima wenye kivuli na upande wenye jua, mlima ni uleule na jua likisogea kivuli kinahama. Inatosha.

Sasa hilo la masanamu. Walimu wengi wanalikwepa wanafundisha falsafa tupu, na hapo mimi siafikiani nao, tunakuwa tumewaficha wanafunzi nusu ya mambo. Utao una mahekalu, makuhani, ubani, miungu, wa juu kabisa wakiwa wale Watatu Walio Safi. Una historia ya jumuiya zake toka Zhang Daoling alipozianzisha huko jimbo la Sichuan mwaka 142 BK. Makuhani wa tawi la Quanzhen wanaishi hekaluni na hawaoi, wa tawi la Zhengyi wanaoa na kukaa na familia zao. Pale Chengdu kuna hekalu la Qingyang lenye mbuzi wawili wa shaba, nilikuwa naona wazee wanawapapasa kuomba heri na afya mpaka shaba imeng'aa.

Mwanafunzi mmoja wa Kiislamu aliniuliza mbele ya wenzake, mwalimu unataka tuamini haya? Nikamjibu hapana, nataka ukikutana na yule mzee pale kwa mbuzi ujue anaomba nini na kwanini, kama ambavyo ungependa yeye ajue kwanini wewe unatawadha. Akafikiria, akauliza kama wale wazee nao wananawa kabla ya ibada. Nikamwambia makuhani wao kabla ya ibada kubwa wanafunga na kujitakasa, na kipindi kizima kilichobaki tuliongelea hilo tu, sura niliyokuwa nimeandaa sikuifungua.