Presha Haiumi, Ndiyo Maana Niliamini Nusu Kidonge Kinatosha

Januari ya mwaka juzi nilikuwa na ada za watoto wawili, kodi ya miezi sita na cheti chenye dawa tatu za presha. Shule haikusubiri, mwenye nyumba naye hakusubiri. Vidonge tu ndivyo vilivyokubali kusubiri.

Amlodipini ya miligramu 10 nikaikata kwa kisu cha jikoni, nusu leo, nusu kesho. Losartani nikanywa siku moja na kuruka siku moja. Atenololi nikaiacha kabisa, maana niliona inanichosha.

Siku za mwanzo sikuona tofauti yoyote, na hapo ndipo nilipodanganyika. Presha haiumi. Tena amlodipini hutoka mwilini taratibu: huchukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu tu, kwa hiyo ukiruka leo, mwili unaendelea kutumia akiba ya jana. Nikajiona nimepata njia.

Kabla wiki haijaisha moyo ukaanza kwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Kisogo kikawa kinauma kila asubuhi. Kituo cha afya nesi alipima mara mbili: 186/112. Akaniuliza, "Dada, dawa unakunywa?" Nikasema nakunywa.

Uongo ule uliniponza kuliko kisu. Daktari aliamini dawa tatu kwa dozi kamili zimeshindwa, akaniandikia ya nne. Fikiria kama ningerudi nyumbani nikanywa zote nne sawasawa; presha ingeweza kushuka hadi nikaanguka. Aliyeniokoa ni mama mfamasia. Aliangalia cheti, akaangalia tarehe niliyonunua mara ya mwisho, akasema kwa upole, "Mwanangu, hizi zingekuwa zimeisha wiki mbili zilizopita." Nikamweleza ukweli, machozi yananitoka. Akanirudisha kwa daktari.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: mwambie daktari kwamba hela haitoshi, kabla hajashika kalamu. Sema, "Daktari, kwa mwezi naweza kiasi hiki." Mimi nilidhani nitaonekana fukara. Yeye alichofanya ni kuvuta cheti na kukiandika upya. Dawa mbili kati ya tatu zilikuwa zimeandikwa kwa jina la kampuni. Akaandika jina la dawa yenyewe, nami nikanunua nyingine zenye kiungo kilekile, zilizosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, kwa bei iliyo chini sana. Norvasc, kwa mfano, ni amlodipini. Ukifika dirishani uliza tu: "Ipo ya kampuni nyingine yenye dawa hiihii?"

Kuiacha atenololi ghafla ndiko kulikonipeleka mbio moyo. Dawa za kundi lake haziachwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya macho ya daktari, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo kuziacha ghafla kunaweza kuleta shambulio la moyo.

Kukata kidonge si kosa siku zote. Ukiandikiwa amlodipini ya miligramu 5, uliza bei ya ile ya 10. Mara nyingi haifiki mara mbili, na nusu yake ndiyo dozi yako kamili. Lakini mfamasia akubali kwanza, na kidonge kiwe na mstari katikati. Kisu si kifaa, kinavunja vipande visivyolingana. Zile zenye maandishi ya SR, XR au Retard usizikate wala kuzisaga: zimetengenezwa zitoke polepole, ukizivunja dawa ya siku nzima inamwagika kwa mkupuo. Insulini na dawa za kifafa usizipunguze mwenyewe hata kwa siku moja. Dawa za kifua kikuu na ARV hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, basi kama umekatishwa tamaa na bei mahali fulani, nenda huko.

Kupungua kwa dozi kunawezekana kihalali. Nilipunguza chumvi, nikaanza kutembea jioni, nikawa naandika vipimo kwenye daftari. Baada ya miezi mitano vipimo vilikuwa chini ya 140/90 mfululizo, na daktari mwenyewe ndiye aliyeipunguza atenololi hadi ikaisha.

Nilipopona woga nilimpigia mama yangu Korogwe. "Mama, shikamoo. Dawa za presha unakunywaje?"

"Marahaba. Nakunywa siku nikisikia kichwa."

Ana miaka 71. Sera ya afya inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali, naye hakuwa hata na kitambulisho cha matibabu hayo. Tulimtuma mdogo wangu akafuatilie kwa mtendaji wa kijiji. Dawa ikikosekana kituoni, tunachanga ndugu watatu, na kila Jumapili mama ananihesabia kwa simu vidonge vilivyobaki.